Usiniulize Ni Hoteli ya Nani

Nikiweka video ya chakula, huwa najua swali la kwanza litakuwa gani. Watu hawaanzi na bei. Hawaulizi kama nyama ni laini ama kama wali ni wa jana. Mtu hata hajamaliza kutazama, ameshauliza: "Hiyo hoteli ni ya nani?" Na tusidanganyane, wadau. Huyo "nani" hana uhusiano na jina la mwenyewe. Mtu anataka kujua kabila, anataka kujua ukoo. Ni wetu ama ni wao?

Mimi naishi Madogo. Kwa wasioijua: toka Garissa mjini, vuka daraja la Mto Tana kuelekea upande wa Nairobi, umefika kwetu. Daraja ni moja lakini kaunti ni mbili. Ng'ambo ile ni Garissa, huku ni Tana River. Makao makuu yetu yako Hola, mbali huko kusini, lakini soko letu, benki yetu na shughuli zetu nyingi ziko ng'ambo. Madogo ni mji wa kupita. Basi la Nairobi linapita hapa, lori la saruji linapita hapa, lori la mbuzi linapita hapa. Mji wa kupita unaishi kwa vitu viwili: matairi na chakula. Matairi siyajui. Chakula nakijua.

Nilikuwa chuo kikuu, nikafika mwaka wa pili, karo ikagoma, nikarudi nyumbani. Niliporudi nilikuwa na simu yenye kamera safi na njaa nyingi, nikaanza kupiga video za vibanda. Sasa nina miaka 23 na kazi yangu ni kuwaambia watu wale wapi. Baba yangu ni Muorma, mama yangu ni Mpokomo wa upande wa Hola. Nikisifu samaki, kwa baba wanasema nimevutwa na wajomba. Nikisifu maziwa ya ngamia, kwa mama wanasema nimesahau mto uliomlea mama. Kwa hiyo hilo swali la "ni ya nani" halijaanzia mitandaoni. Mimi nimelala nalo na kuamka nalo.

Kwanza niwe mkweli: swali lenyewe si upuuzi mtupu. Kuna sababu mbili ninazoziheshimu.

Ya kwanza ni halali. Watu wengi hapa ni Waislamu, na Mwislamu ana haki ya kujua nyama imechinjwa na nani na imechinjwa vipi. Hiyo ni dini yake, nami pia ni dini yangu. Lakini sikiliza vizuri: "imechinjwa na nani" na "hoteli ni ya nani" ni maswali mawili tofauti. Mama Mkamba anaweza kununua nyama bucha ileile unayonunua wewe. Ukimuuliza atakwambia bucha gani. Umewahi kumuuliza, ama uliona sura yake ukapita?

Ya pili ni deni. Hii watu wa Nairobi hawaielewi. Huku mtu hali mahali kwa sababu ni pazuri tu. Anakula mahali ambapo kuna daftari lenye jina lake. Hoteli ya ndugu yako inakukopesha hadi mshahara uingie ama hadi mbuzi auzwe. Hoteli ya mtu usiyemjua inataka pesa mkononi ama M-Pesa kabla sahani haijapoa. Mtu wa boda ambaye siku yake imekuwa mbaya hawezi kufuata ladha. Anafuata daftari. Huyo simlaumu hata kidogo.

Ninayemlaumu ni yule mwenye soo mbili mfukoni, hana deni popote, nyama ni halali kotekote, na bado anatembea juani dakika kumi kupita vibanda vitatu ili akale chakula kibaya kwa mtu wake.

Wacha niwape hadithi moja ya matairi, maana inahusika. Mwaka 1900 kule Ufaransa, ndugu wawili wenye kampuni ya matairi ya Michelin walitoa kitabu cha bure kwa wenye magari: utapata fundi wapi, utalala wapi, utakula wapi. Hesabu yao ilikuwa rahisi. Mtu akisafiri zaidi, tairi linaisha, ananunua jingine. Mwaka 1926 wakaanza kuzipa hoteli nyota. Siku hizi nyota moja maana yake hapo panastahili usimame, mbili maana yake panastahili uache njia yako, tatu maana yake panastahili ufunge safari kwa ajili yake tu. Na wakaguzi wao wanaenda kimyakimya, hawajitambulishi, wanalipa bili yao wenyewe.

Sasa sisi wakaguzi tunao tayari: madereva wa malori. Dereva wa lori hana ndugu Madogo. Hana ukoo wa kulinda. Anataka chakula kije haraka, kishibishe, na kisimgeuke njiani. Ukiharibikiwa na tumbo kati ya Bangale na Ukasi hakuna mahali pa kujisitiri, kuna kichaka na jua. Kwa hiyo dereva anachagua vizuri, na akichagua anarudi kila wiki. Nikitaka kujua kama kibanda kimeanza kuharibika, siulizi majirani zake. Nahesabu malori nje. Wiki jana yalikuwa matano, wiki hii ni moja? Kuna kitu kimebadilika jikoni, na nitakijua.

Mimi mwenyewe nina vipimo vinne, na havina siri.

Naanza na maji. Kabla sijaona chakula naangalia ndoo ya kunawia. Ina mfereji? Ina sabuni? Maji yamebadilishwa leo? Mtu anayekuwekea maji safi ya kunawa katika mji wa joto hili, ambapo maji yananunuliwa kwa mtungi, huyo hakuibii kwenye sahani.

Kisha chai. Chai ikija nyembamba, imejaa sukari ya kuficha kwamba maziwa hayapo, naondoka mapema. Chai ya huku inatakiwa iwe na iliki, tangawizi na mdalasini kidogo, na maziwa yawe mengi kuliko maneno. Mpishi asiyejali chai ya shilingi 30 hatajali pilau ya 250.

Kipimo cha tatu ni nafasi ya akina mama. Dada yangu huniuliza jambo ambalo wanaume hawaulizi: nitakaa wapi? Kuna hoteli tamu sana ambapo mwanamke akiingia, macho ishirini yanageuka. Hoteli yenye pazia, ama chumba cha nyuma, ama hata meza moja tu ya pembeni inayoheshimiwa, naipa alama zaidi. Ukiona akina mama na watoto wanakula mahali kwa raha, hapo hata chakula huwa kizuri.

Cha nne ni bei. Iandikwe ukutani, na iwe moja kwa kila mtu. Hiki ndicho kipimo kilichonigharimu.

Kuna hoteli hapa, sitaitaja, ya mtu wa karibu na sisi upande wa baba. Kwa miezi minne alikuwa akinilipa elfu tano kila mwezi, namtengenezea video mbili. Chakula chake ni kizuri na sikuwahi kutia chumvi. Siku moja nimeketi pale, turnboy wa lori akaitisha pilau, akalipa 350. Mimi najua pilau hiyo ni 250. Siku iliyofuata nikaketi tena, nikahesabu. Wa kwetu, 250. Wa kupita, 350. Nikamfuata mwenyewe kando, nikamuuliza taratibu. Akacheka. "Huyo ni mpita njia, hatarudi."

Nikamwambia abandike bei ukutani, ama sitamtangaza tena. Hakubandika. Basi nikaweka ujumbe, bila jina la mtu wala la hoteli: ukifika Madogo, uliza bei kabla hujaketi, na mahali ambapo bei inatajwa kwa kuangalia sura yako, inuka. Elfu tano ikakoma siku hiyohiyo. Jioni ami akanipigia simu.

"Wewe kijana, unatuvunjia hoteli?"

"Ami, sijavunja hoteli ya mtu. Nimesema bei iwe moja."

"Moja kwa mtu wetu na kwa mtu wa kupita?"

"Ndio, ami."

Akanyamaza kidogo, halafu akasema polepole, "Elfu tano ilikuwa inamlipia mdogo wako shule."

Hapo hakunionea. Ilikuwa inamlipia. Muhula huu nimejaziliza kwa kupiga picha za harusi mbili na kuuza tripodi yangu, na bado kuna salio shuleni. Sisemi hivi ili mnihurumie. Nasema ili mjue kwamba maoni ya chakula yana bei, na mara nyingi bei hiyo hailipwi na anayesoma. Lakini fikirieni: kama nasifu hoteli kwa sababu ni ya ami, nina tofauti gani na yule anayeiponda kwa sababu si ya ami? Wote wawili hatujaonja kitu.

Na huyuhuyu ami ana hadithi yake. Mnakumbuka ule ukame wa 2020 hadi 2022, mvua zikakosa misimu mitano mfululizo? Ng'ombe wake wengi waliisha. Maisha yake yote ami hakuwa amekula samaki. Kwa wafugaji wengi wa rika lake, samaki ni kitu cha watu wa mtoni, cha watu wasio na mifugo. Mwaka 2022 nilimpeleka kwa mama mmoja anayekaanga kambare na perege karibu na mto, Mpokomo kama mama yangu. Ami alimtazama yule kambare na sharubu zake kama mtu anayesubiri aanze kuongea. Akaonja pembeni ya mkia. Akala upande mmoja, akageuza, akala upande wa pili. Siku hizi huenda mwenyewe, ila anaketi amegeukia ukuta ili wazee wenzake wasimwone. Huyo ni mteja aliyepatikana, jamani, na mama yule hakumuuliza ng'ombe wake wameenda wapi.

Na inaenda kwa upande wa pili pia. Rafiki yangu dereva, Mkamba wa Mwingi, alikuwa akiapa kwamba nyama ya ngamia ina harufu. Nikamwambia haina harufu, ina wapishi wabaya. Nikampeleka mahali ambapo wanaichemsha mpaka inatulia, halafu wanaikaanga na kitunguu na pilipili hoho, inakuja na anjera moto na ndizi pembeni. Sasa akipita hapa anabeba nyirinyiri, ile nyama iliyokatwa vipande vidogo vidogo na kukaushwa kwa mafuta, anampelekea mkewe. Mkewe ameanza kumtuma.

Mtasema ni mambo madogo. Mimi nilikuwa na miaka kumi mwaka 2012, wakati Waorma na Wapokomo walipouana kule Tana Delta. Zaidi ya watu 100 walikufa katika miezi michache. Walikuwa wanagombania malisho na mashamba na maji, mambo makubwa ambayo sahani ya samaki haiwezi kumaliza. Sisemi pilau italeta amani. Lakini nakumbuka nyumbani kwetu siku zile: wajomba hawakuja, ami hawakuja, na mama alipika chungu kizima ambacho hakikuwa na wageni. Tangu hapo naona watu wasiokula pamoja wanakuwa rahisi kudanganywa kuhusu wenzao. Unaambiwa "wale" wako hivi na vile, na huna hata kikombe kimoja cha chai ulichokunywa kwao cha kukufanya useme, hapana, mimi nimeketi pale.

Halafu kukaja maji. Novemba 2023, halafu tena Aprili 2024, Tana ikafurika na barabara ya Garissa kwenda Nairobi ikakatika upande wetu. Aprili ile, mashua iliyobeba watu ilizama pale Kona Punda na watu wakapoteza maisha. Hizo siku nani aliuliza hoteli ni ya nani? Abiria wa mabasi walikwama, familia zilihama na magodoro kichwani, na mtu alikunywa chai pale alipoona moshi. Mimi nilitazama kitu kimoja: nani amepandisha bei. Wapo waliouza chai mara mbili ya bei, na wapo walioendelea kuuza bei ya juzi huku unga na sukari vikiwa vimepanda. Hao wa pili walikuwa wa kabila zote. Wa kwanza pia. Kama unataka kugawanya hoteli za Madogo mara mbili, gawanya hapo.

Haya, sasa mlichokuja kutafuta. Wengi wa vibanda vyetu havina jina ukutani, vina mwelekeo, kwa hiyo nawapa mwelekeo.

Ukitoka Nairobi, basi likisimama Mwingi usikimbilie chipsi. Uliza muthokoi, yale mahindi yaliyotolewa ganda na kupikwa na maharagwe. Ukipata iliyokaangwa na kitunguu na sukuma, utafika Madogo bila kuhisi njaa.

Ukifika kwetu asubuhi, kunywa chai na anjera mahali ambapo anjera inapikwa mbele yako, si ile iliyorundikwa tangu alfajiri ikawa kama kitambaa. Mchana, samaki wa kukaanga upande wa mto, pamoja na wali ama ugali. Mchague mwenyewe kabla hajaingia kwenye mafuta. Macho yawe angavu.

Ukivuka daraja kwenda Garissa mjini, hapo ndipo kwa nyama. Soko la mifugo la Garissa ni kati ya makubwa kabisa Afrika Mashariki, kwa hiyo ukila nyama mbaya Garissa umejitakia. Ngamia, mbuzi, maini asubuhi na mapema. Maziwa ya ngamia yanywe yakiwa freshi kama tumbo lako limezoea. Kama halijazoea, anza na nusu glasi na usiwe na safari.

Ukishuka kusini, Hola msimu wa maembe usile kitu kingine. Ukifika Garsen na pale Minjila ambapo njia za Malindi, Lamu na Hola zinakutana, umeshaingia pwani: mahamri na mbaazi za nazi asubuhi, viazi vya karai jioni. Abiria wa Lamu wanangoja sana pale. Wapishi wanajua mtu anayengoja hana haraka, kwa hiyo mwambie akukaangie upya.

Mwisho, kwa wenzangu wa huku. Ukisafiri kwa basi barabara hii, unajua foleni ya vitambulisho kizuizini. Unashuka, unapanga mstari, unaonyesha wewe ni nani, mtoto wa nani, wa kutoka wapi. Tunalalamika kila siku kuhusu foleni hiyo, na tuna haki. Basi tusiifungue nyingine mlangoni mwa hoteli.

Ukifika Madogo na njaa, angalia ndoo ya maji. Angalia bei ukutani. Angalia malori yako wapi. Kama nyama inakutia shaka, uliza bucha. Halafu ingia, nawa, kula. Jina la mwenyewe utamuuliza ukishalipa, ukitaka kumshukuru.